Akufaaye kwa Dhiki: Urafiki Ulivyopimwa Uholanzi, 1940–1945



Kila aliyesoma Kiswahili shuleni amewahi kuandika insha juu ya methali isemayo, “Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.” Insha hizo hufanana. Marafiki wawili wako safarini, mnyama mkali anatokea, mmoja anapanda mti na kumwacha mwenziwe chini, na funzo linapatikana kabla ukurasa wa pili haujaisha. Dhiki huja ghafla, na rafiki hupimwa kwa dakika moja.

Leo nakualika uitazame methali hiyo katika nchi ambayo dhiki haikuja ghafla. Ilikuja kwa karatasi: fomu ya kujaza, daftari la kujiandikisha, kibao kwenye lango la bustani. Kila karatasi ilidai kitu kidogo tu, na kila aliyekubali kitu kidogo alijikuta kesho yake akidaiwa kikubwa zaidi. Nchi hiyo ni Uholanzi, na waliotengwa na wenzao kwa karatasi hizo ni Wayahudi.

Jeshi la Ujerumani liliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Baada ya siku tano nchi ilikuwa imesalimu amri, na Malkia Wilhelmina pamoja na mawaziri wake walikuwa wamekimbilia London. Wakati huo Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000, na zaidi ya nusu yao waliishi Amsterdam. Wengi walikuwa wazawa wa nchi hiyo kwa vizazi vingi: mafundi, wachuuzi, walimu, mahakimu. Wengine walikuwa wageni waliokimbia Ujerumani baada ya Adolf Hitler kushika madaraka mwaka 1933, wakiamini kwamba kwa jirani huyu watapata amani.

Karatasi ya kwanza ilifika mwezi wa Oktoba 1940. Kila mtumishi wa umma alitakiwa kujaza fomu na kueleza kama yeye au wazazi wake walikuwa Wayahudi. Fomu haikumtaka mtu amchukie mwingine. Ilimtaka atie sahihi tu. Karibu wote walitia. Mwezi uliofuata, Wayahudi waliokuwamo katika utumishi wa serikali wakasimamishwa kazi kwa kufuata fomu hizo hizo.

Miongoni mwa waliosimamishwa alikuwamo Lodewijk Visser, Rais wa Mahakama ya Juu ya Uholanzi. Hebu fikiri, msomaji. Hao ndio watu waliokaa naye meza moja, waliosikiliza kesi pamoja naye na waliomwita mheshimiwa kila asubuhi. Na wote ni wajuzi wa sheria, wanaojua kwamba katiba ya nchi yao haimruhusu mtu kufukuzwa kazi kwa sababu ya nasaba yake. Mwenzao aliondolewa, nao wakaendelea na vikao. Hawakumtukana wala hawakumpiga. Walinyamaza, na mahakama ikafunguliwa siku ya pili kama kawaida.

Katika mwezi huo huo, mjini Leiden, kisa cha namna hiyo kilipata jibu tofauti. Profesa Eduard Meijers, bingwa wa sheria, alifukuzwa Chuo Kikuu kwa kuwa ni Myahudi. Mkuu wa kitivo cha sheria alikuwa Rudolph Cleveringa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Meijers. Tarehe 26 Novemba 1940, katika saa ambayo Meijers angefundisha, Cleveringa aliingia ukumbini akasimama mbele ya wanafunzi waliojaa hadi milangoni. Aliisoma barua ya kumfukuza mwalimu wake. Kisha, badala ya kuwatukana wavamizi, alieleza kwa utulivu Meijers ni nani: amefundisha nini, ameandika nini, elimu ya sheria inadaiwa nini naye. Akasema kwamba kitendo hicho kinakwenda kinyume cha sheria.

Siku iliyofuata Cleveringa alikamatwa, akawekwa gerezani hadi majira ya kiangazi ya mwaka 1941. Wanafunzi waligoma, na wakuu wa Kijerumani wakakifunga chuo. Lakini hotuba ilikwisha nakiliwa kwa mikono na kwa mashine za kupiga chapa, ikasambazwa nchini. Meijers naye alipelekwa makambini baadaye, akanusurika, na mwaka 1947 akapewa kazi ya kuandika upya sheria ya madai ya Uholanzi. Angalia, basi, tofauti ya vyumba viwili hivi. Waliokuwamo Mahakama ya Juu na waliokuwamo ukumbini Leiden walisoma vitabu vilevile na walijua sheria ileile. Kilichowatenga ni kwamba mmoja wao alikataa kumwita mwalimu wake kwa jina ambalo barua ile ilimpa.

Karatasi ya pili ilikuwa daftari. Mwezi wa Januari 1941, kila mwenye babu au bibi hata mmoja aliye Myahudi aliamriwa kujiandikisha. Uholanzi ilikuwa na ofisi za takwimu za wakazi zilizo bora mno, na raia wake walizoea kuitii serikali. Karibu wote walijiandikisha. Afisa mmoja wa Kiholanzi, Jacob Lentz, alikuwa amebuni kitambulisho ambacho ilikuwa vigumu sana kukighushi, naye alijivunia kazi hiyo. Kwenye vitambulisho vya Wayahudi ilipigwa herufi J. Msomaji wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu hahitaji maelezo marefu hapa. Kitambulisho chenye kabila, kilichoanzishwa Rwanda na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, ndicho kilichotumiwa vizuizini mwaka 1994 kuchagua nani apite na nani auawe. Daftari halina chuki ndani yake. Linangoja tu atakayekuja kulisoma kwa chuki.

Tusiwadhulumu watu wa Amsterdam kwa kusema kwamba walilala. Mwezi wa Februari 1941 askari wa Kijerumani waliwakamata vijana wa Kiyahudi zaidi ya 400 hadharani, wakawapiga na kuwapakia katika malori. Tarehe 25 Februari wafanyakazi wa tramu waligoma. Wafuasi wa chama cha kikomunisti, ambacho kilikuwa kimepigwa marufuku, walikuwa wamegawa vikaratasi usiku. Mgomo ukaenea bandarini, viwandani na maofisini, na mji mzima ukasimama. Hawa hawakuwa wakidai mshahara. Walisimama kwa ajili ya majirani. Siku ya pili Wajerumani waliuvunja mgomo kwa risasi na kwa vitisho, na baadaye baadhi ya walioupanga wakauawa. Kati ya vijana waliochukuliwa, karibu wote walifia makambini.

Baada ya hapo amri zikafuatana. Wayahudi hawaruhusiwi bustani, maktaba, sinema wala mabwawa ya kuogelea. Watoto wao wasome shule za peke yao. Mwezi wa Mei 1942: kila Myahudi aliyetimiza miaka sita avae kifuani nyota ya manjano. Mwezi wa Juni: asitembee na baiskeli, asipande tramu, asitoke nje kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, asiingie nyumbani kwa mtu asiye Myahudi. Soma tena amri hiyo ya mwisho. Dola lenye vifaru na ndege za kivita liliona haja ya kukataza mtu kunywa chai sebuleni kwa rafiki yake. Lilijua kwamba kazi ya kumwangamiza mtu huwa rahisi akiwa amekwisha sahauliwa na majirani.

Na hakika watu walizoea. Mwezi wa Julai 1942 treni zilianza kuondoka kambi ya Westerbork kuelekea mashariki, ambako Wayahudi waliambiwa kuna kazi, na ambako wengi wao waliuawa kwa gesi. Ili kuwafikisha kituo cha treni, tramu za mji wa Amsterdam ziliwabeba usiku, na kampuni ya mji ikapeleka ankara ya nauli. Ndizo tramu zilezile zilizosimama mwaka mmoja na nusu kabla. Siandiki hili kuwacheka wale madereva. Naliandika ili nikuoneshe mwendo wa hofu: haimgeuzi mtu mwema kuwa katili, humfanya atimize zamu yake.

Sasa tuingie katika nyumba moja. Otto Frank, mfanyabiashara kutoka Frankfurt, alihamia Amsterdam mwaka 1933, akaanzisha biashara ya unga wa kugandishia jemu. Katika mwaka huo huo alimwajiri msichana aitwaye Miep, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la mumewe, Gies. Miep hakuwa Mholanzi wa kuzaliwa. Alizaliwa Vienna mwaka 1909, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa mtoto wa miaka 11 aliyedhoofika kwa njaa, alipelekwa Uholanzi pamoja na watoto wengine ili wapate chakula. Familia ya kazi za mikono mjini Leiden, yenye watoto wake watano, ilimpokea akawa wa sita. Kwa hiyo aliijua mapema maana ya kufunguliwa mlango na watu wasiokudai undugu.

Ofisini walikuwamo pia Johannes Kleiman, rafiki wa Otto tangu miaka ya 1920, Victor Kugler, na karani kijana aitwaye Bep Voskuijl. Wayahudi walipokatazwa kumiliki biashara, Otto aliziandikisha kampuni zake kwa majina ya wenzake hao. Hapo ndipo urafiki mwingi ulipovunjika katika Uholanzi ya siku zile. Wako waliokabidhiwa samani, fedha na maduka na wenzao wa Kiyahudi, na baada ya vita wakakana kwamba waliwahi kupokea kitu. Kleiman na wenziwe walitunza amana, na Otto aliporudi alikikuta kiti chake.

Katika mwaka 1942 Otto alimwita Miep faraghani. Alimweleza kwamba familia yake inakusudia kujificha katika vyumba vya nyuma vya jengo la ofisi, nambari 263 mtaa wa Prinsengracht, kando ya mfereji. Akamuuliza kama yuko tayari kuwasaidia. Miep alikubali papo hapo, wala hakuuliza maswali. Tarehe 5 Julai 1942 binti mkubwa wa Otto, Margot, mwenye umri wa miaka 16, aliletewa barua ya kuitwa kambi ya kazi. Asubuhi ya pili, mvua ikinyesha, Miep alimsindikiza kwa baiskeli hadi mafichoni. Jumla wakawa watu wanane: akina Frank wanne, akina van Pels watatu, na daktari wa meno Fritz Pfeffer.

Nakuomba usitazame ushujaa wa siku ile moja. Tazama siku 761. Watu wanane wanakula kila siku, na katika nchi inayogawa chakula kwa kadi, mtu aliye mafichoni hana kadi. Mumewe Miep, Jan Gies, alizipata kadi kupitia watu wa upinzani. Miep alizunguka kutafuta mboga na nyama bila kuzusha maswali. Bep alileta mkate na maziwa. Babaye Bep alijenga kabati la vitabu lililouficha mlango. Kugler na Kleiman waliendesha biashara ili fedha ipatikane, na kila mmoja wao alipanda ngazi akiwa na uso wa kawaida ili wale wa juu wasione hofu yake. Walikumbuka sikukuu za kuzaliwa. Walileta vitabu kutoka maktaba. Haya yote yalifanyika wakati ambapo aliyemficha Myahudi aliweza kupelekwa kambini, na waliowasaka wenye kujificha walilipwa gulden 7.50 kwa kila mtu waliyemkabidhi. Dhiki ya namna hii haimpimi rafiki kwa dakika moja. Humpima kila Jumatatu.

Binti mdogo wa Otto aliitwa Anne. Shajara yake unaijua, au umesikia habari zake. Lakini yuko rafiki yake ambaye nataka umjue. Hannah Goslar alitoka Berlin. Yeye na Anne walikutana Amsterdam mwaka 1934, watoto wadogo wa wakimbizi, wakasoma pamoja hadi walipohamishiwa pamoja shule ya Wayahudi. Siku moja ya Julai 1942 Hannah alikwenda kwa kina Frank akaambiwa kwamba wamekimbilia Uswisi. Uvumi huo waliuacha wenyewe nyuma yao ili wasitafutwe. Kwa hiyo Hannah hakupewa nafasi ya kumuaga rafiki yake, wala ya kumsaidia. Mwezi wa Juni 1943 familia ya Hannah ilikamatwa, na mwaka uliofuata ikapelekwa kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani.

Tarehe 4 Agosti 1944 polisi walifika Prinsengracht. Wakaazi wote wanane walichukuliwa, pamoja na Kugler na Kleiman. Afisa aliyeongoza msako, Karl Silberbauer, alikuwa mtu wa Vienna, na Miep aliposikia lafudhi yake alimwambia kwamba naye ametoka huko. Huenda hilo ndilo lililomwokoa. Siku chache baadaye alikwenda mwenyewe hadi makao ya polisi wa Kijerumani kujaribu kuwanunua marafiki zake kwa fedha. Hakufanikiwa. Lililobaki ni karatasi za Anne zilizotawanyika sakafuni. Yeye na Bep walizikusanya, na Miep akazifungia katika saraka ya meza yake bila kuzisoma, akingoja mwenyewe arudi.

Anne na Margot walipelekwa Auschwitz, kisha Bergen-Belsen. Katika majira ya baridi ya mapema mwaka 1945, Hannah alipata habari kwamba upande wa pili wa uzio wa kambi, kule ambako hali ilikuwa mbaya zaidi, yuko Anne. Uzio ulikuwa umesheheni nyasi kavu, hawakuweza kuonana. Usiku, walinzi wakiwa na ruhusa ya kupiga risasi, walizungumza kwa kunong’ona. Anne alilia, aliamini wazazi wake wote wamekufa, na alikuwa na njaa. Hannah na wanawake wa upande wake, ambao nao walikuwa na njaa, walikusanya vipande vya chakula, wakavifunga, naye akavirusha juu ya uzio. Mwanamke mwingine aliyekuwa akifa njaa alikidaka kifurushi akakimbia nacho, na Anne akapiga ukelele. Baada ya siku chache Hannah alirusha kifurushi cha pili, na hicho kilimfikia.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho walipozungumza. Margot na Anne walikufa kambini humo majuma machache baadaye, muda mfupi kabla jeshi la Uingereza halijaifungua kambi tarehe 15 Aprili 1945. Hannah alipona, akahamia Jerusalem, akawa muuguzi, na aliishi hadi mwaka 2022.

Kati ya wale wanane alirudi Otto peke yake. Tarehe 3 Juni 1945 alifika Amsterdam, na mlango aliobisha ulikuwa wa Miep na Jan. Walimpokea, akakaa nao miaka saba. Habari za kifo cha mabinti zake zilipothibitika, Miep alifungua saraka akampa zile karatasi. Zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1947. Miep aliishi hadi Januari 2010, akiwa na umri wa miaka 100, na hadi mwisho alikataa kuitwa shujaa. Hoja yake ilikuwa nzito: tukiwaita watu kama yeye mashujaa, tutawapa wengine wote kisingizio kwamba kusaidia si kazi ya mtu wa kawaida.

Sasa, msomaji, nifanye hesabu mbele yako, kwa maana mwalimu asiyefanya hesabu hufundisha hadithi tu. Wayahudi zaidi ya 100,000 wa Uholanzi waliuawa, karibu watatu katika kila wanne. Miep hakukosea lolote, hata hivyo saba kati ya wanane aliowaficha hawakurudi. Hannah alirusha kifurushi, na rafiki yake akafa. Urafiki haukutosha. Nchini Denmark, ambako serikali ilikataa kwa miaka mitatu kuwawekea raia wake Wayahudi sheria za ubaguzi, na ambako Uswidi isiyokuwa vitani ilikuwa ng’ambo ya mlangobahari mwembamba, Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa kwa mashua za wavuvi mwezi wa Oktoba 1943. Wavuvi wale hawakuwa wema kuliko Miep. Walikuta kazi ambayo daftari na nyota ya manjano havijaifanya kuwa karibu haiwezekani.

Hapo ndipo methali yetu inapomhusu raia, si rafiki peke yake. Nchi inayomwachia mtu aokolewe na ujasiri wa marafiki zake imekwisha kumwacha. Wakati wa kumfaa jirani si ule anapobisha mlangoni usiku peke yake; ni ule wa mwezi wa Oktoba, fomu inapozungushwa ofisini, kalamu iko mezani, na kila aliyekaa chumbani anatazama kama mwenziwe atatia sahihi. Na saa ile ikikupita, bado usiku utakuja, na mtu atabisha. Siku hiyo utajuaje kumfungulia, kama hujawahi kuzoea kumkaribisha mchana?